Marehemu alikuwa mpenda watu. Kisha?

Sikiliza wasifu wa marehemu mia moja ukisomwa kaburini, utadhani amekufa mtu mmoja mara mia. Wote walikuwa wacha Mungu, wacheshi, wachapakazi, wapole kwa wakubwa na wadogo, na wote wameacha pengo lisilozibika. Mahali fulani katikati kuna mstari unaosema kwamba marehemu aliitumikia jamii yake kwa moyo wote kwa zaidi ya miaka 30. Kisha msomaji anafunua ukurasa, anaanza kutaja watoto na wajukuu. Miaka 30 imekwisha kwa pumzi moja.

Sina ugomvi na sifa. Mfiwa ana haki ya kumpamba wake, na kaburini si mahali pa kudai ushahidi. Ninachokilalamikia ni kwamba ule mstari mmoja ndio uliopaswa kuwa wasifu wenyewe. Akifa waziri, magazeti yanatueleza alichofanya: vyeo, mwaka gani alisaini nini, wapi alikosea, nani alipingana naye. Akifa mkunga wa mtaa, mzee aliyekuwa akisuluhisha kesi za mipaka, au yule aliyezika maiti zisizo na ndugu, tunaelezwa tabia yake tu. Mkubwa anabaki na matendo, mdogo anaachiwa wema. Na wema usio na matendo hausimuliki. Kizazi kimoja kikipita hauna pa kushika.

Kwa nini iwe hivyo? Dharau ipo, lakini haitoshi kueleza jambo zima, kwa sababu hata wanaowapenda watu hawa kwa dhati huandika vilevile. Nadhani kiini chake kipo kwenye kazi yenyewe. Utumishi unaofanikiwa haubakizi ushahidi. Mtoto ambaye hakuugua surua hajui kwamba hakuugua. Mfereji uliozibuliwa kabla ya mvua haukufurika, kwa hiyo hakuna aliyepiga picha. Ugomvi uliopoozwa barazani haukufika mahakamani, kwa hiyo hauna jalada. Kumbukumbu rasmi hupenda matukio, na kazi ya mtu wa aina hii ni kuzuia tukio lisitokee. Halafu ni kazi ya kujirudia. Siku ya kwanza na siku ya elfu tano zinafanana, na mwandishi anayetafuta kisa hakioni.

Ali Maow Maalin ni mfano mzuri wa jinsi kumbukumbu inavyoweza kushika upande usio wake. Mwezi Oktoba 1977 alikuwa kijana wa miaka 23, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, kusini mwa Somalia. Gari lenye watoto wawili wagonjwa wa ndui lilifika likiulizia njia ya kuwapeleka kwenye kambi ya kuwatenga, naye akapanda ili awaelekeze. Ilikuwa safari ya dakika chache. Hakuwa amechanjwa; baadaye alieleza mwenyewe kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Siku kadhaa baadaye akaugua. Walianza kumtibu malaria, kisha wakadhani ni tetekuwanga, hadi ilipobainika kuwa ni ndui. Alipona, na hakuna aliyeambukizwa naye. Ndui ilipotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, jina lake likaingia katika vitabu vya tiba kama mtu wa mwisho kuambukizwa ugonjwa huo kwa njia ya asili.

Tazama dunia inamkumbuka kwa lipi: kwa kuugua. Kwa jambo lililompata, ambalo hakulifanya. Hata lile la kupanda gari kuwaonyesha njia wageni wenye watoto wagonjwa, ambalo ndilo tendo lake la hiari siku ile, husimuliwa kama njia tu ya maambukizi. Utumishi wake mrefu ulikuja baadaye, pale alipojiunga na kampeni ya kutokomeza polio nchini mwake. Aliwaendea wazazi waliokataa chanjo, akawasimulia yaliyompata yeye. Alisema nchi yake ilikuwa ya mwisho kwa ndui, na hakutaka iwe ya mwisho kwa polio pia. Polio iliporejea Somalia mwaka 2013 alikuwa tena kazini, na Julai mwaka huo akashikwa na homa, iliyodhaniwa kuwa malaria, akafa kampeni ikiendelea.

Sasa fikiria wasifu wa kaburini wa mtu huyu ungeandikwa kwa mtindo wetu. Tungesoma kwamba alikuwa jasiri asiyeogopa chochote. Kwa sentensi hiyo tungekuwa tumefuta kitendea kazi chake kikubwa kuliko vyote, kwa maana kilichomfungulia milango ni ule uoga wa ujanani. Daktari kutoka mji mkuu angeweza kuwaeleza wazazi habari za virusi hadi jioni, asingeweza kuwaambia, "Nami niliikimbia sindano, na haya ndiyo yaliyonikuta." Takwimu za kampeni zinaonyesha watoto wangapi walidondoshewa matone. Hazionyeshi mlango uliokuwa umefungwa na ukafunguliwa kwa sababu aliyebisha ni mtu wa mji uleule, mwenye kisa chake mwenyewe. Sifa ingemkuza na papo hapo ingemfuta.

Wapo waliojaribu kurekebisha hili, na majaribio yao yanafundisha hata pale yalipopungukiwa. Mwaka 1887 Uingereza ilipokuwa ikisherehekea miaka 50 ya Malkia Victoria kwenye kiti cha enzi, mchoraji George Frederic Watts aliliandikia gazeti la *The Times* akipendekeza sherehe hiyo iadhimishwe kwa kuwakumbuka watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wengine. Hakupata wa kumuunga mkono, akaamua kulifanya mwenyewe. Ukuta wake ulifunguliwa mwaka 1900 katika bustani ndogo ya London iitwayo Postman's Park, chini ya paa la mbao, ukiwa na vigae vyenye majina. Kimoja ni cha Alice Ayres, binti wa kibarua wa mwashi, aliyewatoa watoto watatu katika nyumba iliyokuwa ikiungua, mtaa wa Union, Aprili 1885, naye akafa. Jina, kazi ya baba, mtaa, tarehe, idadi ya watoto. Hakuna neno moja kuhusu ucheshi wake. Ukisoma unaiona nyumba.

Hicho ndicho ninachokipenda kwa Watts: aliandika tendo. Hata hivyo ukuta wake una sharti gumu, yaani ili uingie lazima ufe, tena ufe kwa ghafla ukimwokoa mtu. Ayres ana kigae. Mwanamke aliyelea watoto wa wengine kwa nusu karne bila nyumba yoyote kuungua hana, na asingeweza kukipata. Ukuta ulipangiwa nafasi ya vigae 120. Vilivyowekwa hadi sasa ni 54, na kile cha mwaka 2009, cha kijana aliyezama akimwokoa mtoto, kilikuja baada ya miaka zaidi ya 70 bila kuongezwa kingine. Sisemi watu waliacha kuokoana. Nasema hata ukumbusho uliojengwa kwa nia njema kabisa ulichagua dakika moja ya ushujaa, ukaiacha miaka. Na sisi tunafanya vivyo hivyo kila tunapomtaja mtu wa jamii kwa siku ile ya mafuriko tu, kana kwamba siku nyingine zote alikuwa amelala.

Hapa kuna upande wa pili, mchungu zaidi. Sifa za jumla huficha deni.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza katika Afrika Mashariki yalitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni 1 kubeba risasi, chakula na majeruhi. Karibu 100,000 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Baada ya vita zikasimamishwa sanamu Dar es Salaam na Nairobi, zenye maandishi ya mwandishi wa Kiingereza Rudyard Kipling yanayowaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na kumwahidi mpiganaji kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lipi? Juu ya sanamu hakuna hata moja la mpagazi. Mwaka 2021 ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Tume hiyohiyo ilianzishwa mwaka 1917 kwa msimamo kwamba wafu wote wa vita ni sawa, awe jenerali au askari wa kawaida, na kila mmoja atapata jiwe lake.

Najua mpagazi wa vita si mkunga wa mtaa. Wengi wa wapagazi hawakujitolea, walikamatwa. Lakini ndiyo maana mfano huu unafaa. Maneno mazuri ya "miguu na mikono" yalifanya kazi mbili kwa pamoja: yalitoa heshima, na yakazuia maswali. Nani aliwakusanya? Walilishwa nini? Nani anadaiwa? Mtu akishageuzwa mkono na mguu wa kitu kingine, hana tena haja ya kuwa na jina, na mkono hauna mirathi.

Kiwango ni kidogo zaidi mtaani, ila mtindo ni uleule. Tunapomsifu mhudumu wa afya wa kujitolea kwamba alitembea kilomita nyingi kila wiki bila kulalamika, tunakuwa tumeruka maswali mawili: kwa nini hapakuwa na usafiri, na alimlalamikia nani akapuuzwa? Maana watu hawa hulalamika sana. Huandika barua, husimama kwenye mikutano, huomba glavu, huomba posho. Ni sisi tunaowanyamazisha wakishakufa, kwa kuwa marehemu asiyelalamika anapendeza zaidi machoni pa wenye ofisi waliokaa mstari wa mbele. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba kazi ya matunzo isiyolipwa inakula saa bilioni 16.4 kila siku duniani, na wanawake hubeba zaidi ya robo tatu yake. Kila moja ya saa hizo ina mtu, na wengi wao wataishia kwenye ule mstari wa "aliitumikia jamii kwa moyo wote". Moyo haulipwi mshahara. Labda ndiyo sababu unatajwa mara nyingi hivyo.

Ndani ya utumishi wenyewe pia kuna ngazi. Ebola ilipoikumba wilaya ya Gulu, Uganda, mwaka 2000, Dk. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor aliongoza mapambano mpaka ugonjwa ukamchukua Desemba mwaka huo. Anastahili kila heshima aliyopewa, na nyingine zaidi. Ila waliokufa katika hospitali ile walikuwamo wauguzi na wafanyakazi wengine, waliowageuza wagonjwa vitandani, waliofua mashuka, waliosafisha matapishi. Kwa ugonjwa unaoenea kwa kugusana, hao ndio waliokuwa karibu zaidi na kifo. Simulizi ikisafiri mbali na Gulu, hubaki na daktari peke yake, na hao wengine wanakuwa "wenzake". Sijui njia ya kuizuia simulizi isichujwe hivyo inaposafiri. Lakini nyumbani kwake, pale watu walipowajua, hakuna sababu ya kuchuja.

Na hapo ndipo natofautiana na wanaodhani dawa ni kuwapigania watu wa kawaida waingie kwenye orodha za mashujaa wa taifa. Taifa lina nafasi chache na litazijaza kwa namna yake. Kumbukumbu ninayoizungumzia ina hadhira ndogo na haihitaji kubwa zaidi: watu walioguswa na kazi hiyo, na watakaotakiwa kuiendeleza.

Jim Nicholson wa gazeti la *Philadelphia Daily News* nchini Marekani alilielewa hilo mapema. Alikuwa mwandishi wa habari za uchunguzi, na kuanzia mwaka 1982 akapewa ukurasa wa tanzia. Badala ya kufuata matajiri na wanasiasa akawaandika wafagizi, madereva wa basi, akina mama wa nyumbani. Alipenda kuuliza: akienda likizo waziri wa mambo ya nje na akaenda likizo mzoa taka wako, utamkosa nani? Kilichomtofautisha, kwa maoni yangu, ni kwamba hakuiacha mbinu yake ya zamani alipohamia kwa wafu. Alipiga simu, akauliza mambo madogo, akauliza tena. Alitaka kujua mtu alivyokuwa na ukaidi wake, si utakatifu wake pekee. Mwaka 1987 chama cha wahariri wa magazeti nchini humo kilimpa tuzo ya uandishi kwa tanzia hizo. Mtu aliyezoea kuchunguza wezi wa mali ya umma aligundua kwamba maisha ya mfagizi nayo yanahitaji uchunguzi, kwa kuwa hayana faili.

Uchunguzi huo una adabu zake. Si kila anachokijua mkunga ni cha kuandikwa. Nusu ya thamani yake ilikuwa kunyamaza. Mzee wa usuluhishi alisikia mambo ambayo yakichapwa leo, ugomvi unaanza upya. Kwa hiyo ya waliohudumiwa yaachwe yalipo, yaandikwe ya kazi: alianzaje, alifundishwa na nani, alitumia vifaa gani, alikwenda wapi na kwa miguu au kwa chombo gani, nani alimsaidia na nani alimkwamisha. Familia mara nyingi hazitapenda hayo ya kukwamishwa. Zitaogopa kumkera mtu aliye bado madarakani, na woga huo si wa kubeza. Njia ya kati ipo: karatasi inayosomwa kaburini iwe fupi na ya heshima, na nyingine, ndefu na ya kweli, ihifadhiwe kwenye kikundi, shuleni, kwenye zahanati, msikitini au kanisani, popote alipofanyia kazi.

Wapo watakaosema mtu mwenyewe hakutaka kujulikana. Huenda. Unyenyekevu wake tuuheshimu kwa kutomjengea sanamu. Lakini kujua bomba la mtaa lilivyoendelea kutoa maji si jambo la kumkweza yeyote. Ni taarifa, na jamii inaihitaji siku bomba litakapokatika. Nimeona vikundi vikivunjika ndani ya mwaka mmoja baada ya kufiwa na katibu, kwa sababu alikuwa ameshika kila kitu kichwani na wenzake walikuwa wameshika kumsifu tu. Hakuna aliyejua nani alikuwa akiombwa msamaha wa ada, wala kwa nini familia fulani haikutozwa mchango. Kwa kutojua, wakaanza kuwatoza.

Kwa hiyo kazi hii inaanza mhusika akiwa hai, na haihitaji fedha nyingi. Simu ya mkononi inatosha kurekodi, mradi sauti isibaki kwenye simu hiyo moja. Mradi wa StoryCorps ulioanza Marekani mwaka 2003 huwakalisha watu wawili wanaojuana wakazungumza kwa dakika 40 hivi, na nakala hupelekwa kwenye maktaba kuu ya nchi hiyo. La kuiga hapo ni kuwa anayeuliza ni mtu anayejuana na anayeulizwa. Mjukuu atapata majibu ambayo mtafiti hatayapata, ingawa pia atakosa mengine, kwa hiyo afadhali aende pamoja na mtu aliyefanya kazi na bibi yake. Picha za zamani zitolewe, na nyuma ya kila moja yaandikwe majina kutoka kushoto kwenda kulia, kabla hajabaki mtu mmoja tu anayewatambua. Daftari la mahudhurio na kumbukumbu za vikao zisichomwe nyumba inaposafishwa.

Na swali la kwanza lisiwe alizaliwa lini na wapi. Hilo liko kwenye kitambulisho. Aulizwe jana aliamka saa ngapi, akaenda kwa nani, na kwa nini alianza na huyo.